Simu kutoka Hoteli ya Mayflower

Siku hizi anayetaka kuacha pombe huuliza mkutano wa wenzake uko wapi na unaanza saa ngapi. Mnamo Mei 1935, mjini Akron nchini Marekani, mikutano yenyewe haikuwapo.

Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa hajagusa pombe tangu Desemba 1934. Shughuli iliyompeleka Akron ikaharibika. Ukumbini mwa Hoteli ya Mayflower palikuwa na baa upande mmoja. Upande wa pili, simu na orodha ya makanisa. Akaiendea simu. Ajabu ni kwamba hakutafuta daktari wa kumtibu wala mchungaji wa kumwonya, bali mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Baada ya kupiga simu kadhaa akampata Henrietta Seiberling, aliyemkutanisha na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa kuacha kunywa. Smith aliahidi dakika 15 tu. Walianza saa 11 jioni, wakaagana baada ya saa 5 usiku.

Smith alianguka tena mara moja. Siku aliyokunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous.