Mlango Uliotangulia Ukuta

Mwaka 1964 Tanganyika ilitunga Sheria ya Mambo ya Kale, na ndani yake, pamoja na magofu na masalia ya kale, ukatajwa mlango. Mlango wa mbao, au fremu yake, uliochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 uliingia katika orodha ya vitu vinavyolindwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi wa taifa inasema karibu hayo hayo, ila kikomo chake ni mwaka 1946.

Si kila siku mlango unaingia katika kitabu cha sheria. Lakini mlango wa nje wa nyumba ya mawe ya pwani haukuwa kifaa cha kununuliwa asubuhi kikafungwa jioni. Ulikula mti, ukala fundi, ukala msimu mzima, kisha ukauamuru ukuta usimame vipi.

Siri ilikuwa katika namna ulivyozunguka. Mlango wa zamani haukuwa na bawaba. Kati ya mbao zake mbili, kila ubao uliachiwa ncha mbili za mviringo upande wa ukutani, moja juu na nyingine chini. Ncha ya chini ilikaa katika tundu la kizingiti cha chini, ya juu ikakaa katika tundu la kizingiti cha juu, na ubao ukazunguka hapo hapo, mti juu ya mti. Mlango wa namna hiyo huunganishwa pamoja na fremu yake. Fremu ikishabanwa na mawe pande zote, kuutoa ubao au kuurudisha ni taabu kubwa. Kwa hiyo mlango ulisimamishwa mapema, ukaegemezwa kwa miti, na waashi wakapandisha ukuta kuufuata. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata nusu mita, na uzito huo ndio ulioishika miimo isiyumbe.

Hapo hesabu ya mwenye nyumba ilikuwa kinyume na ya leo. Mjenzi wa sasa wa Dar es Salaam au Mombasa hufikiria mlango baada ya linta kumwagwa na bati kupigwa, mfuko ukiwa umeshatoboka. Mjenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja katika karne ya 19 alikuwa na mlango mkononi kabla ya kuwa na nyumba. Ujira wa kuusimamisha haukuwa na mstari wake peke yake. Ulimezwa na ujira wa ukuta.

Milango hiyo haikuanza na masultani wa Unguja. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, aliwasifu watu wa Kilwa kwa milango yao ya mbao iliyochongwa na kuungwa kwa ustadi. Huko Unguja kwenyewe, mlango unaotajwa kuwa wa zamani kuliko yote yenye tarehe ni wa mwaka 1694, na baadaye ulihamishiwa kwenye jengo la makumbusho la Beit el Amani. Mtu aliyeuchonga hakupata kuona mkarafuu Unguja.

Vifaa vya nyumba ya mawe vingi vilipatikana karibu. Matumbawe yalichimbwa kisiwani, chokaa ikachomwa papo hapo, boriti zikatoka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji na ya Lamu. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu. Mlango ulikuwa jambo jingine. Mkoko hautoi ubao mpana. Seremala alihitaji mfenesi mnene wa shambani, au mvule na mbambakofi kutoka bara, au msaji uliovushwa bahari kutoka India.

Msaji ulipendwa kwa sababu mchwa hauuwezi na hewa ya chumvi haiulegezi upesi. Lakini mti wa India ulikuja na majahazi, na majahazi yalikuja na kaskazi. Aliyechelewa kuagiza akaikosa kaskazi moja alingoja nyingine, huku kiwanja kikiota majani. Kungoja huko nako kulikuwa gharama, hata kama hakuna karani aliyeiandika.

Mbao zikishafika, kazi nyingi haikwenda pale ambapo mnunuzi wa leo angeitafuta. Mbao mbili za mlango mara nyingi ziliachwa bila nakshi, zikapigwa njumu za shaba au chuma tu. Nakshi zilijazwa kwenye fremu, yaani miimo miwili na kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Seremala alikuwa na msumeno, tezo, patasi na keekee, na kwa zana hizo alitoa mnyororo unaopanda kutoka ardhini, samaki, mawaridi, mayungiyungi na matawi ya mtende. Juu kabisa, katika nyumba nyingi za Waislamu, ikawekwa aya ya Kurani au jina la mwenye nyumba, pamoja na mwaka wa Hijra. Kwa maneno mengine, sehemu iliyomezwa na ukuta ndiyo iliyolipiwa zaidi, na sehemu inayofunguka ndiyo iliyolipiwa kidogo.

Mikono iliyofanya kazi hiyo haikuwa ya namna moja. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa mafundi wake wa mbao na ngozi. Unguja ilipokea mafundi wa Kihindi, hasa kutoka Kutch na Gujarat. Na katika miji yote hiyo, miongoni mwa waashi, maseremala na vibarua, walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao: ujira ukitolewa, sehemu yake ilikwenda kwa bwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliondolewa hadhi ya kisheria huko mwaka 1897 tu, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Milango mingi inayopigwa picha leo ilisimamishwa kabla ya miaka hiyo, kwa hiyo katika bei yake mna kazi ambayo aliyeifanya hakulipwa yote.

Fedha ya kulipia ilitoka wapi? Sayyid Said, mtawala wa Oman, aliihamishia Unguja enzi yake katika miaka ya 1830, akahimiza upandaji wa mikarafuu, na meno ya tembo yakaendelea kumiminika kutoka bara. Mji wa makuti ukageuka mji wa mawe katika muda wa miongo michache. Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa Unguja mwaka 1857, aliona kwamba ukubwa wa mlango, uzito wa kufuli na unene wa misumari yake vilikwenda sambamba na heshima ya mwenye nyumba. Mpita njia hakuwa na haja ya kuuliza habari za utajiri wa mtu, aliusoma barabarani.

Kila jamii ilikuwa na mlango wake. Mlango wa Kiarabu wa zamani una kizingiti cha juu kilichonyooka. Ule wenye tao juu, uliojaa maua na majani yaliyochimbwa ndani sana, ulienea mwishoni mwa karne ya 19 na unadaiwa na India. Wafanyabiashara wa Kihindi walileta pia mlango wa duka, wa vipande vya kukunja vyenye vijumba vya mraba, ili asubuhi uso wote wa duka uwe wazi. Njumu ndefu za shaba zilizochongoka nazo husimuliwa kuwa zilianza India, kuwazuia tembo wa vita wasiegemee milango ya ngome. Unguja tembo waliingia wakiwa meno tu, lakini njumu ziligongwa vile vile, kwa kuwa shaba inayong'aa ilionekana hadi mwisho wa kichochoro.

Sultani Barghash, aliyepata kuishi uhamishoni Bombay kabla ya kutawala, aliipeleka fahari ya milango kileleni. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883, lilitiwa milango mikubwa yenye aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Ajali hiyo ilikumbusha kwamba mlango wa pwani hauna usalama wake peke yake: umeshikwa na ukuta, na ukuta wa chokaa na matumbawe ukiachwa unywe maji, vyote viwili huenda pamoja.

Lamu mambo yalikuwa ya kimya zaidi. Mlango wa nyumba ya kale haukujitupa barabarani. Ulikaa ndani ya daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, na nyuma yake tekani, ukumbi wa ndani, iliukinga ua usionekane na mgeni. Kwa hiyo aliyetaka mlango alilipia na daka, na aliyelipia daka alilipia baraza za wageni. Wengine waliongeza fingo, lililofukiwa mlangoni ili kuikinga nyumba na shari, na mganga naye hakufanya kazi bure.

Karne ya 20 ilileta bawaba za chuma, mbao zilizopasuliwa kwa mashine, na saruji. Ukuta wa matofali ya inchi 6 haukuhitaji tena mlango wa kuutangulia. Fremu nyembamba iliweza kuingizwa ukuta ukiwa tayari, na mlango ukapachikwa mwisho kabisa. Kazi moja ikagawanyika mikononi mwa wengi. Leo mtu wa Dar es Salaam hununua fremu kwa seremala mmoja, topu, yaani ubao wenyewe wa mlango, kwa mwingine, kitasa na bawaba dukani, kisha anaulizana na fundi: bei ya ufundi peke yake ni ngapi, na je, kuziba pembeni kwa lipu kumo au hakumo? Nje ya hapo anamwita fundi wa kuchomelea amtengenezee grili, kwa hiyo mlango mmoja wa nje umekuwa milango miwili, ya mafundi wawili, kwa bei mbili. Nakshi iliyokuwa kwenye fremu imehamia kwenye topu, kwa sababu topu ndiyo inayoonekana dukani.

Bawaba zilirahisisha pia kuung'oa mlango. Mlango uliopachikwa kwa skrubu hung'olewa kwa bisibisi. Ule wa zamani ulihitaji ukuta ubomolewe, na hilo liliulinda, mpaka kuta zilipoanza kubomoka zenyewe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikajazwa wapangaji, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Nyumba ikianguka, mlango ulisalia katikati ya kifusi, mzima, bila kitu cha kuushika, na wanunuzi hawakukosekana. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985. Mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001.

Tangu hapo soko limegeuka. Hoteli zinataka milango ya nakshi, na wachongaji wa Unguja na Lamu wana kazi; milango mipya husafirishwa vipande vipande na kupachikwa na fundi wa nchi nyingine kabisa, ambaye hamjui mchongaji. Mwenye nyumba ya kale ana uamuzi mgumu zaidi. Mlango wake kwa kawaida huanza kuoza chini, pale kizingiti na miguu ya miimo inapopata unyevu wa mvua na wa ardhi. Akitaka urahisi, anaweza kukata ncha za mbao, kutia bawaba na kumlipa seremala peke yake. Akitaka uzunguke kama ulivyozunguka, itabidi mawe ya pembeni yafunguliwe, kizingiti kipya kichongwe matundu yake, na ukuta urudishiwe kwa chokaa. Na kwa kazi hiyo seremala na mwashi hawana budi kupatana wawe hapo siku moja.