Klachi

klachi nm [i-/zi-] Kifaa kinachounganisha au kutenganisha injini na giaboksi. Mf. Dereva alikanyaga klachi kabla ya kubadili gia. Asili: Kiingereza.

Matumizi: Klachi huteleza iwapo sahani yake haishiki sawasawa: injini huunguruma lakini gari haliongezi mwendo. Huungua sahani inapopata joto kupita kiasi. Lori lililosheheni mizigo kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, kuelekea mpaka wa Rusumo, wilayani Ngara, huweza kuanza kwa klachi kuteleza na kuishia kwa klachi kuungua. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi.

Angalizo kwa wafasiri: Uwezo wa klachi hupimwa kwa kani ya kuzungusha, yaani nyutoni-mita, si kwa nguvu farasi. Lori litoalo nguvu farasi 400 kwa mizunguko 1,800 kwa dakika huibebesha klachi takriban mara nne ya gari la mashindano litoalo nguvu hizo hizo kwa mizunguko 7,000. Kwa hiyo maelezo “klachi ya nguvu farasi 400” pekee hayamwezeshi fundi kuchagua iliyo imara. Kipimo cha nyutoni-mita kisiachwe katika tafsiri.