Sangara wa Ziwa Viktoria: Onyo la Watafiti na Maamuzi ya Watawala, 1927–1994

Makala haya yanachunguza jinsi sangara alivyoingizwa katika Ziwa Viktoria, na yanahoji maelezo yaliyozoeleka kwamba madhara yaliyofuata yalitokana na kutojua. Hoja yetu ni kwamba maarifa yalikuwepo, tena kwa maandishi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuyafanya yawafunge wenye mamlaka ya kuamua.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyavu za kutega kutoka Ulaya zikafuata muda mfupi baadaye. Soko lilipanuka, na ngege, samaki aliyethaminiwa kuliko wote, akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza wa kina wa uvuvi wa ziwa zima. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi tano. Aidha, ilitahadharisha kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine bila utafiti mpana kungekuwa hatari kubwa.

Sangara aliishi Ziwa Albert na sehemu ya Nile iliyo chini ya Maporomoko ya Murchison, ambayo yalimzuia kupanda. Katika miaka ya 1950 baadhi ya maofisa wa uvuvi nchini Uganda waliona kwamba furu, samaki wadogo waliojaa ziwani, wangeweza kugeuzwa kuwa minofu ya samaki mkubwa mwenye soko. Wanabiolojia wa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, lililoanzishwa Jinja mwaka 1947, walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, alichapisha pingamizi lake mwaka 1960. Hata hivyo, ushahidi uliojitokeza baadaye unaonyesha kwamba sangara walikwisha kutiwa ziwani kwa siri tangu mwaka 1954. Walipoonekana mwaka 1960, hoja ya tahadhari ilipoteza nguvu, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakaongezwa rasmi. Hivyo mjadala wa kitaalamu ulikuwa ukiendelea juu ya jambo lililokwisha kutendwa, nao wavuvi wa nchi tatu hawakuulizwa.

Kwa takribani miaka ishirini athari hazikuonekana wazi. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, sangara waliongezeka kwa kasi, kwanza upande wa Kenya na Uganda, baadaye Tanzania. Ikumbukwe kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na utafiti wa pamoja ukagawanyika katika taasisi za kitaifa. Ziwa lilipohitaji kutazamwa kwa ujumla wake, kila nchi ilitazama maji yake.

Matokeo yalikuwa na sura mbili. Viwanda vya minofu vilijengwa, fedha za kigeni zikaingia, na maelfu ya watu wakapata kazi. Upande wa pili, aina zipatazo 200 za furu zinakadiriwa kutoweka. Sangara, kwa wingi wa mafuta yake, hakukaushika juani kama furu. Alihitaji kubanikwa, na miti ya pwani ya ziwa ikakatwa kwa ajili ya kuni. Minofu iliposafirishwa ng'ambo, wachuuzi wengi wanawake walibaki kuuza mifupa yenye mabaki ya nyama, ambayo huko Kisumu huitwa mgongo wazi. Ni haki kuongeza kwamba sangara si chanzo pekee: rutuba iliyotoka mashambani na majitaka ya miji yalipunguza oksijeni katika kina cha ziwa, na magugu maji yalienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja. Hatua hiyo ilikiri jambo ambalo Graham alilichukulia kuwa la msingi: ziwa ni moja. Lakini ilikuja miaka arobaini baada ya ndoo ya kwanza ya sangara kumwagwa.

Kwa washauri wa sera, historia hii ina uzito wa sasa. Vizimba vya kufugia sato vinaongezeka ziwani, navyo hutolewa vibali na kila nchi, ilhali chakula kinachosalia, kinyesi na magonjwa ya samaki havitambui mipaka. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, jambo lolote lisiloweza kurudishwa nyuma lihitaji idhini ya nchi zote tatu kabla ya kutekelezwa. Pili, maoni ya watafiti yanayopinga yachapishwe pamoja na uamuzi wenyewe, na mwenye kuamua kinyume chake alazimike kueleza sababu zake. Onyo la mwaka 1929 halikukosa wasomaji. Lilikosa mtu aliyewajibika kulijibu.