Vita vya Diski Mbili, na Mnunuzi Katikati

Ndugu msikilizaji, jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam alirudi kutoka Muscat miaka ya themanini na deki ya Betamax. Picha yake ilikuwa safi, na watoto wa mtaa mzima walijaa mkekani kuiangalia. Taabu ilianza alipokwenda kuazima kanda. Maduka ya karibu yote yalikuwa na VHS, ambayo ni kubwa zaidi na haiingii katika Betamax hata kwa dawa. Mwishowe aliifunika kitambaa cha kudarizi, akaweka juu yake maua ya plastiki.

Nimemkumbuka kwa kuwa leo nazungumzia ugomvi mwingine wa namna hiyo, uliopiganwa Japani na Marekani kati ya 2006 na 2008. Safari hii ziligombana diski za filamu zenye picha kali kwa ajili ya televisheni mpya. Huku Toshiba na HD DVD, kule Sony na wenzake na Blu-ray.

Zote zilisomwa kwa mwali wa leza wa buluu-zambarau, wenye mawimbi ya nanomita 405, wakati DVD ya kawaida hutumia mwali mwekundu wa nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, alama nyingi zaidi huandikika pahala pale pale. Tofauti ilikuwa kina. HD DVD iliziweka alama milimita 0.6 ndani ya plastiki, kama DVD, hivyo viwanda vya zamani viliweza kuitengeneza bila gharama kubwa. Lakini tabaka moja lilibeba gigabaiti 15 tu. Blu-ray iliziweka milimita 0.1 kutoka juu, ikabeba 25, ila ikadai mitambo mipya.

Linalonishangaza mimi ni hili: mwaka 1995 wakubwa hao hao walikuwa na diski mbili zinazopingana, wakakaa mezani, ikazaliwa DVD moja. Mwaka 2005 Sony na Toshiba walizungumza tena, wakashindwana. Kila mmoja alikuwa na hataza zake, na hataza, ndugu yangu, ni ada kwa kila diski inayouzwa.

Basi wakaingia sokoni. Mashine ya kwanza ya Toshiba iliuzwa Marekani Aprili 2006 kwa dola 499. Ile ya Blu-ray ya Samsung ikafuata Juni kwa dola 999. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini Novemba mwaka huo Sony ilitoa PlayStation 3, na kila moja ilikuwa na Blu-ray ndani. Mtoto alinunuliwa mchezo, baba akajikuta na mashine ya filamu. Microsoft, aliyekuwa upande wa Toshiba, aliuza kisomeo cha HD DVD pembeni, cha kuunganishwa na Xbox 360. Na ni wangapi hurudi dukani kununua kiungo?

Agosti 2007 Paramount iliamua kutoa filamu zake kwa HD DVD pekee. Novemba, maduka ya Wal-Mart yaliuza mashine ya Toshiba chini ya dola 100, na watu walijipanga foleni. Kumbe ilikuwa pumzi ya mwisho. Tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kuwa itabaki na Blu-ray tu. Februari wakahama Netflix, Best Buy na Wal-Mart yenyewe, na tarehe 19 mwezi huo Toshiba ikatangaza kuacha. Hesabu mwenyewe: aliyenunua Novemba alifaidi miezi mitatu. Mashine yake haikuharibika. Ilikosa tu filamu mpya za kula.

Sony, iliyoshindwa na Betamax yake, ilianza kutengeneza deki za VHS mwaka 1988. Agosti 2009 ikawa zamu ya Toshiba kutangaza kuwa itatengeneza mashine za Blu-ray.

Nilipomsimulia jirani yangu haya yote, aliuliza swali moja tu: kama hao Wamarekani nao walipata maua ya plastiki.