Mnara wa Juche, kumbukumbu ya itikadi ya kujitegemea jijini Pyongyang

Mnara wa Juche ni mnara wa kumbukumbu uliopo kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Taedong jijini Pyongyang, makao makuu ya Korea Kaskazini, ukitazamana na Uwanja wa Kim Il Sung uliopo ng'ambo ya mto. Ulikamilishwa mwaka 1982, nchi hiyo ilipoadhimisha miaka 70 ya kuzaliwa kwa mwasisi wake, Kim Il Sung, kwa lengo la kuenzi itikadi ya Juche inayohusishwa na jina lake.

Mnara huo una urefu wa mita 170, zikiwemo mita 20 za mwenge uliowekwa kileleni ambao huangazwa nyakati za usiku. Umejengwa kwa vipande 25,550 vya mawe ya graniti nyeupe, idadi inayotokana na siku 365 kuzidishwa kwa miaka 70. Yaani jiwe moja kwa kila siku ya umri wa kiongozi huyo, pasipo kuhesabu siku za ziada za miaka mirefu.

Mbele yake imesimama sanamu ya watu watatu: mfanyakazi mwenye nyundo, mkulima mwenye mundu na msomi mwenye kalamu ya brashi. Alama hizo tatu ndizo zilizomo katika nembo ya Chama cha Wafanyakazi cha Korea. Wageni hupanda kwa lifti hadi kwenye roshani ya juu kuutazama mji.

Itikadi ya Juche hufundisha kwamba binadamu ndiye mwenye mamlaka juu ya hatima yake, na kwamba taifa linapaswa kujitegemea katika siasa, uchumi na ulinzi. Kim Il Sung alianza kuieleza hadharani katika hotuba yake ya Desemba 1955.

Hata hivyo, uchumi wa nchi hiyo ulitegemea kwa kiasi kikubwa misaada na biashara ya Umoja wa Kisovieti. Baada ya dola hiyo kuvunjika mwaka 1991, na mafuriko makubwa kutokea mwaka 1995, njaa iligharimu maisha ya malaki ya watu, na Serikali ikalazimika kuomba msaada wa chakula kutoka nje. Mnara ulibaki imara. Kujitegemea kwa chakula ndiko kulikoshindikana.