Nani Apange Ada za Mji? Dar es Salaam na Historia ya Leseni, Vibali na Ushuru

Katika fedha zote zinazokusanywa mjini, ada ndiyo inayomkutanisha mkazi na baraza lake uso kwa uso, kwa kuwa ada ni malipo anayoyatoa mtu ili apewe ruhusa au huduma maalumu, kama vile leseni ya biashara, kibali cha ujenzi au meza ya sokoni. Historia ya Dar es Salaam inaonyesha kwamba ugomvi juu ya malipo hayo haukuletwa na ukubwa wa viwango peke yake; kiini chake kilikuwa ni nani mwenye haki ya kuvipanga, nani hupewa nafasi ya kuvipinga, na fedha zikishakusanywa zinamrudia mlipaji kwa sura gani.

Chini ya Wajerumani, walioufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na baadaye chini ya Waingereza, mkazi Mwafrika alitozwa bila kuulizwa. Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu za ujenzi, zilizotenganisha kwa vitendo makazi ya Wazungu, eneo la biashara lililokaliwa zaidi na Wahindi, na eneo la Waafrika lililoanzia Kariakoo, ambako aliyejenga nyumba alilipia kiwanja kila mwaka bila kupata hati ya kukimiliki kwa muda mrefu. Soko la Kariakoo lilipofunguliwa mwaka 1923, ushuru wa wauzaji nao uliingia katika hesabu za mamlaka ya mji ambayo wauzaji hao hawakuwa na mjumbe ndani yake. Zaidi ya hayo, stakabadhi ya kodi iligeuka kuwa kitambulisho, kwani tangu sheria ya 1944 iliyoruhusu kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiotakiwa, mtu asiyeweza kuonyesha kazi au risiti aliweza kurudishwa kwao. Malipo yakawa kipimo cha nani astahili kuishi mjini.

Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipata baraza la manispaa, yaani chombo chenye bajeti yake na madiwani wake, ingawa hapo mwanzo madiwani hao waliteuliwa na gavana. Mabadiliko yenye uzito yalikuja mwaka 1960, pale Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanasiasa wa chama cha TANU, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya, na Desemba 1961 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa mara ya kwanza viwango vya ada vilijadiliwa na watu ambao walipaji wenyewe wangeweza kuwang'oa katika uchaguzi.

Fursa hiyo haikudumu. Mwaka 1969 serikali kuu ilifuta kodi ya kichwa iliyotozwa na halmashauri za wilaya pamoja na ushuru wa mazao, na kuanzia 1972, chini ya mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya yalivunjwa. Ilipofika 1974 mabaraza ya miji nayo yalikuwa yametoweka, na Dar es Salaam ikaendeshwa na ofisi za mkoa na za wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Jina la mpango lilitaja madaraka, lakini uamuzi wa fedha ulihamia kwa watumishi waliowajibika juu zaidi ya chini. Taka zilirundikana, barabara zikachakaa, kipindupindu kikaingia katika miaka ya 1976 na 1977, na mwaka 1978 serikali ikalazimika kupitisha sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji.

Msingi wa utaratibu wa sasa uliwekwa mwaka 1982 kwa sheria mbili: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9, ambayo inaorodhesha vyanzo vya mapato ambavyo halmashauri inaruhusiwa kuvitumia. Ada hubadilishwa kwa sheria ndogo, yaani kanuni inayotungwa na halmashauri kwa mamlaka iliyopewa na Bunge. Wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu, kamati za madiwani huichambua, wakazi hutangaziwa na kupewa muda wa kuwasilisha pingamizi, kisha baraza zima hupiga kura; baada ya hapo rasimu hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na haipati nguvu kabla ya kuidhinishwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Utaratibu huu una breki mbili, moja ikiwa mikononi mwa walipaji na nyingine mikononi mwa waziri, na hekima yake ni kwamba hakuna breki iliyokusudiwa kufanya kazi peke yake.

Katika utekelezaji, breki ya walipaji ilikuwa dhaifu. Tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi halikumfikia mama lishe wala machinga, na halmashauri zilizokosa ruzuku ya kutosha ziliongeza ushuru mdogomdogo hadi gharama ya kuukusanya ikakaribia mapato yenyewe. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, iliyokusudia kila mtu mwenye uwezo awe na kazi, ilizaa leseni ya nguvu kazi kwa wafanyabiashara wadogo. Asiyekuwa nayo alihesabiwa mzururaji na aliweza kusafirishwa kijijini, hivyo ile mantiki ya kikoloni ya risiti kama hati ya kuishi mjini ikapata maisha mapya. Aidha, kodi ya maendeleo, iliyomgusa kila mtu mzima, ilidaiwa kwa misako ya mgambo badala ya maelezo ya matumizi yake.

Serikali kuu ilijibu udhaifu huo mara nyingi kwa kulitwaa jambo lenyewe. Mwaka 1996 ililivunja baraza la jiji na kuunda tume iliyoongozwa na Charles Keenja, ambayo iliongeza mapato na kupeleka uzoaji wa taka kwa wakandarasi hadi mwaka 2000, manispaa tatu zilipoanza kazi. Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalipatikana bila madiwani. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingi uliokwisha kuitwa kero vilifutwa, jambo lililowapa nafuu maskini, na pengo likazibwa kwa ruzuku ya fidia ambayo kiwango chake hakikupangwa na halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kiasi kimoja kwa nchi nzima kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia mita za umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hata mpangaji anayenunua umeme akajikuta akilipia jengo la mwenye nyumba.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu inayoeleweka, na baadhi ziliondoa dhuluma iliyokuwa dhahiri. Hata hivyo, kila moja ilikata uzi unaounganisha malipo na huduma. Ada inayopangwa mbali na mji inaweza kuwa nyepesi na rahisi kukusanya, lakini mlipaji wa maeneo ya mji kama Manzese au Mbagala hana wa kumuuliza kwa nini mtaro haujachimbwa, naye diwani ana kisingizio kilicho tayari kwamba fedha hazikupita mikononi mwake. Tiba iliyokwepwa kwa muda mrefu ni kuipa nguvu breki ya walipaji: rasimu za sheria ndogo zisomwe kwenye mikutano ya mitaa na masokoni, zikiambatana na hesabu ya gharama ya huduma husika na ya mapato ya mwaka uliopita, na pingamizi zijibiwe kwa maandishi kabla madiwani hawajapiga kura. Sheria za 1982 tayari zinafungua mlango huo, na halmashauri inayouacha ukiwa umefungwa inajinyima hoja iliyo bora kuliko zote ya kutetea haki yake ya kutoza.