Siku 80 ndani ya Nyumba huko Kabambare

Mji wa Kabambare ni wa kale katika vitabu. David Livingstone, msafiri yule wa Skoti, aliuandika kwa jina la Bambarre. Alifika huko mara ya kwanza Septemba 1869. Baadaye akaondoka kuutafuta mto Lualaba, lakini miguu ikamshinda. Tarehe 22 Julai 1870 alirudi Bambarre anachechemea, nyayo zimejaa vidonda. Akaingia ndani, asitoke tena mpaka tarehe 10 Oktoba. Mwenyewe alizihesabu: siku 80.

Alikuwa na miaka 57. Dawa iliyomfaa ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Basi vidonda vikafunga. Lakini vidonda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kule kulala kwenyewe.

Mwili hauweki akiba ya misuli isiyotumika. Madaktari wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema siku 10 tu, wakatangaza mwaka 2007 ya kuwa, kwa wastani, kila mmoja alipungukiwa karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Kijana hurudisha nguvu upesi. Mzee hukawia, na pengine hazirudi zote.

Mifupa nayo, kila siku mwili huibomoa kidogo na kuijenga kidogo, na uzeeni ubomoaji hushinda ujenzi. Kwa mama aliyekoma hedhi mambo huenda mbio zaidi. Hapo miguu dhaifu na mifupa myepesi hukutana. Mzee anajikwaa kizingitini usiku, miguu haimshiki, anaanguka ubavu, na shingo ya mfupa wa paja inavunjika. Kijana angeinuka akacheka.

Mfungaji mifupa wa kijijini simdharau. Kwa mkono na kwa muundi ana ustadi wake. Bali shingo ya paja haifungiki kwa vijiti. Yataka upasuaji, na kutoka vijiji vya mbali vya Kabambare safari ya machela au ya pikipiki ni ndefu. Asiyepasuliwa hulala, na kulala hula misuli iliyobaki, tena huleta vidonda vya mgongo na ugonjwa wa mapafu.

Kwa hiyo nina neno juu ya heshima yetu. Bibi akishika mchi, wajukuu humpokonya: "Keti, Bibi, umechoka." Kumpokea mtungi mzito ni vema. Lakini kumketisha barazani kutwa nzima, mwezi hata mwezi, ni kumpa siku 80 za Livingstone bila kidonda. Tena hupewa ugali wa muhogo na mchuzi, nyama wakala wenye meno. Muhogo hushibisha, haujengi misuli. Maharagwe, mayai, karanga zilizosagwa, sombe iliyotwangwa laini, ndakala waliwao pamoja na mifupa yao: hayo hayataki meno mengi.

Livingstone hakuketi. Watu 10 kutoka pwani walipomfikia Februari 1871, aliondoka tarehe 16 kwa miguu, akafika Nyangwe mwisho wa Machi.

Mfupa wake mmoja ulikuwa na habari ndefu zaidi. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika ya Kusini, simba alimtafuna mkono wa kushoto. Mfupa haukuunga sawasawa, ukafanya kiungo cha uongo. Alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili mpaka Bagamoyo, ukapokewa misioni kwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Ulipofika London mwaka 1874, uso haukutambulikana tena. Daktari William Fergusson aliukagua mkono wa kushoto, akakuta pale palipovunjika miaka 30 nyuma, akajua ya kuwa ni yeye.